Matokeo Yarudi Kaloleni: Barua ya Wazi kwa Wanasayansi wa Kilimo

Kwa watafiti wa KALRO, wa icipe, wa vyuo vikuu vyetu, na kwa wenzenu wa ng'ambo mnaoshirikiana nao.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kaloleni, hapa Voi, wakati tunapongoja vuli. Shamba nimeshalilima. Mbegu za pojo na kunde zimo ndani ya debe, zimechanganywa na jivu, na mtama umefungwa kwenye khanga kuukuu, umewekwa darini. Kila jioni tunatazama upande wa Sagalla kuona kama wingu limekaa mlimani au limepita tu. Atakayepanda mapema mno, mbegu zake zitaliwa na jua na kwale. Atakayechelewa, mvua itamkatikia mahindi yakiwa kwenye ua. Huku kwetu vuli ndiyo mvua ya kutegemea. Masika huja ikipenda, na mwaka wa kawaida hautupi zaidi ya takriban milimita 550.

Mimi ni mkulima. Nimekaa kwenye mabaraza yenu, nimejibu dodoso zenu, na nimebeba mifuko yenu ya udongo hadi garini. Nawaandikia nyinyi badala ya wanasiasa kwa sababu katika habari hii ya kulisha watu, mwanasayansi wa kilimo ana nafasi ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Anaweza kukaa leo kwenye mkutano wa mataifa Nairobi au Roma, na wiki ijayo akainama shambani kwangu, akageuza jani na kuona kilichojificha chini yake. Waziri hafiki hapo kwenye jani. Mimi sifiki huko mkutanoni. Mkikaa upande mmoja tu, mimi na waziri hatutakutana kamwe, na njaa itapita katikati yetu.

Na njaa tunaijua. Wazee wa Taita waliipa majina kama vile mtu anavyompa jina mtoto. Ile ya miaka ya 1880, Mwakisenge, inatajwa hata leo. Sisi wa sasa tumeona mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Tulinunua unga kwa bei ya juu tukiwa hatuna cha kuuza, na tuliuza mbuzi ilhali kila mtu sokoni alikuwa anauza mbuzi. Lakini hatukufa kama walivyokufa watu wa wakati wa Mwakisenge. Baadhi ya sababu ni barabara na maghala ya serikali. Sababu nyingine ni kazi yenu, na hiyo ndiyo nataka kuitaja kwanza, kwa kirefu, kabla ya kusema lililonileta.

Chukueni muhogo. Kwetu muhogo ndio kimanga, chakula ambacho Mtaita hawezi kukihesabu kuwa cha shida hata kama alikila shida ilipomkaba. Hapa pwani tuna muhogo uitwao Kaleso, ambao huvumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha kiazi chini ya ardhi wakati majani yanaonekana mazima. Tanzania wana muhogo uitwao Namikonga, nao unasifika kwa jambo hilohilo. Watafiti walipolinganisha vinasaba, walikuta ni mmea mmoja wenye majina mawili. Asili yake ni Amani, kwenye milima ya Usambara, upande wa pili tu wa mpaka wetu na Tanzania.

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na yeye na wenzake wakaanza kuvusha muhogo na ndugu zake wa mwituni, ukiwemo mti wa mpira ambao hakuna mtu aliyewahi kuutia chunguni. Ilikuwa kazi ya miaka 20. Walichotafuta kwenye miti hiyo ni ukaidi wake dhidi ya ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi. Kizazi kilichopatikana walikirudisha kwa muhogo mtamu tena na tena, hadi kikapatikana kiazi kinachopikika na mmea usiokufa.

Kisa hakikuishia Usambara. Katika miaka ya 1950 mbegu za muhogo wa Amani zilipelekwa Nigeria. Kutoka kwenye mbegu hizo kulipatikana kipando kilichopewa namba tu, 58308, na kituo cha kimataifa cha IITA kilipoanza kazi Ibadan baada ya kuundwa mwaka 1967, kilikitumia kipando hicho kama mzazi wa aina nyingi zilizoitwa TMS. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda. Ilifyeka mashamba, na katika miaka ya 1990 ikavuka hadi magharibi mwa Kenya. Zilizokuja kuziba pengo zilikuwa, miongoni mwa nyingine, zile TMS. Damu ya muhogo wa Usambara ilitoka Afrika Mashariki, ikakaa Afrika Magharibi karibu miaka 40, ikarudi nyumbani siku tuliyoihitaji.

Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini kulikuwa na watu wa nchi mbalimbali walioandikiana barua, waliotumiana mbegu na kuandika kwenye daftari kila kipando kimetoka wapi. Bila daftari hizo, 58308 kingekuwa kijiti kama vijiti vingine. Nasema haya kwa sababu wengi hapa, wakisikia ushirikiano wa kimataifa, macho yao huenda kwenye gunia la msaada lenye bendera. Gunia hilo tumelipokea, na aliyetupa tunamshukuru. Liliisha ndani ya mwezi. Kaleso bado inakatwa pingili na kupandwa.

Kisa kingine kinapita sokoni Voi kila siku asubuhi. Kabichi na sukuma wiki zinazoshushwa hapa kutoka Wundanyi na Werugha, zikiwa zimefungwa juu ya matatu, ziliwahi kuwa mboga za mashaka. Kulikuwa na kiwavi mdogo wa kijani, mtoto wa nondo, aliyetoboa majani hadi yakabaki kama wavu. Wakulima wa mlimani walipuliza dawa na kuzichanganya, wakaongeza kipimo, na kiwavi akazizoea. Sisi wa chini tulinunua mboga hizo na kuzila na dawa zake.

Watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wakiongozwa na Bernhard Löhr, walijiuliza swali ambalo mkulima peke yake hana namna ya kulijibu: kwingine duniani, nani humla kiwavi huyu? Jibu lilipatikana Taiwan, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga. Kuna nyigu asiyezidi punje ya mchele, jina lake la kitaalamu Diadegma semiclausum. Jike humtafuta kiwavi juu ya jani, humdunga na kutaga yai ndani ya mwili wake. Kiwavi huendelea na maisha siku chache, huku mtoto wa nyigu akimla kutoka ndani. Pale palipotarajiwa kutoka nondo, hutoka nyigu mwingine anayekwenda kutafuta kiwavi mwingine. Binadamu hana habari naye.

Nyigu hao waliletwa Kenya, wakafungiwa kwanza na kuchunguzwa ili wasije wakawa balaa kwa wadudu wasio na hatia, na baada ya kupata kibali wakaachiliwa Werugha mwezi Julai 2002. Katika mwaka wa pili, viwavi waliokuwa zaidi ya 5 kwa kila mmea walikuwa wameshuka chini ya 1. Watu walipunguza kupuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijui mgeni mwingine aliyeitimiza methali hiyo Taita kama nyigu huyu. Mama anayeuza mboga pale sokoni hamjui. Mteja wake hamjui pia. Natamani kila mtoto wa shule Taita Taveta amjue kama anavyomjua simba wa Tsavo.

Nyigu huyo, lakini, hapendi joto. Werugha iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Sisi wa Voi tuko kwenye kama 600. Akishuka huku atakufa. Kwa mahindi yetu ya bondeni, adui mkubwa alikuwa kiwavi wa mabua aliyeingia Afrika kutoka Asia, na dawa yake ilikuwa nyigu wa aina nyingine, Cotesia flavipes, aliyechukuliwa Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Huyo analiweza joto. Kila mwinuko una mdudu wake na mlinzi wake. Jambo hilo lilipimwa hapahapa, kupanda milima ya Taita, katika mradi wa CHIESA wa 2011 hadi 2015, uliolipiwa na Finland na kuratibiwa na icipe, pamoja na Chuo Kikuu cha Helsinki na vyuo vya Tanzania. Mradi ulitaka kujua joto likipanda mlimani, wadudu wa bondeni watapanda nalo hadi wapi. Kwa mkulima hilo ni swali la leo. Jirani zangu wenye mashamba mawili, moja huku na moja mlimani, wameshaanza kuona huko juu wadudu waliowazoea huku chini.

Wala tusizungumze kana kwamba sisi ni wa kupokea tu. Profesa Thomas Odhiambo alipoianzisha icipe mwaka 1970, aliwafanya wanasayansi wa dunia waje Nairobi wasome wadudu wa nchi za joto huku wanakoishi. Kutu ya shina ya ngano, ile Ug99 iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipotishia ngano ya ulimwengu, ni Njoro palipogeuzwa uwanja wa mtihani. Dkt. Ruth Wanyera na wenzake waliipokea ngano ya mataifa mengi, wakaiambukiza kwa makusudi na kusema ipi itasimama. Mkate wa mtu wa India au Australia una deni Njoro. Mahindi yalipougua Bomet mwaka 2011, kituo cha kuyapima kilifunguliwa Naivasha mwaka 2013 na KARI, ndiyo KALRO ya leo, ikishirikiana na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, na kinahudumia nchi nyingi za Afrika. Na kule Kiboko, kando ya barabara hii yetu ya Mombasa, mahindi hunyimwa maji kwa makusudi yanapokaribia kutoa maua, ili ijulikane yapi yana moyo. Watoto wetu wafundishwe hayo darasani, wajue kwamba Kenya pia hutoa.

Sasa niseme lililonileta.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu wa mradi mmoja. Jina lao sitaliandika, kwa sababu sitaki kumwaibisha mtu. Nataka mambo yabadilike. Walikuwa wapole, waliheshimu wazee, walikula nasi. Walitupa mbegu za pojo za aina nne, tukazipanda kwenye vipande vilivyopimwa kwa kamba, kila kipande na kibandiko chake cha rangi. Mvua ya msimu ule ilikuwa haba. Vipande vitatu vilitoa maganda ya kuhesabika kwa vidole. Cha nne, chenye kibandiko chekundu, kilizaa. Kiliiva mapema, kabla ya jua kukaza, na maganda yalijaa. Majirani walikuja kukitazama. Mzee mmoja aliyepita hapa na mbuzi wake alisimama akasema, "Hii ndiyo mbegu ya Voi."

Walipima mavuno hadi gramu. Walichukua karibu yote, kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Wakaleta dodoso ya kurasa nyingi iliyouliza hadi idadi ya masufuria yangu. Wakashukuru, wakaondoka, na huo ukawa mwisho. Msimu uliofuata nilikwenda kwenye duka la pembejeo hapa mjini nikiwa na maganda mawili niliyobaki nayo mfukoni, nikamwonyesha muuzaji. Hakujua ni mbegu gani. Mimi pia sikujua, kwa kuwa jina lake halikuandikwa kwenye kibandiko; iliandikwa namba. Tulizoea kuiita "ile nyekundu."

Baadaye kijana wa jirani aliyekuwa chuoni aliniambia amepata makala kwenye simu yake inayozungumzia majaribio yetu. Tuliketi nje, akanisomea kichwa na muhtasari, akinitafsiria kutoka Kiingereza. Palitajwa Voi. Palitajwa wakulima. Tulipotaka kusoma zaidi ili tuijue ile nyekundu ni ipi, simu ilitutaka tulipe dola. Shamba ni langu, jasho ni langu, na jibu lilikuwa nyuma ya mlango ambao sikuwa na ufunguo wake.

Mkulima anayewaandikia haya hana hasira na sayansi. Ana kiu nayo. Ninachosema ni kwamba maarifa yanayoweza kutoka Taiwan hadi Werugha, na Usambara hadi Ibadan hadi Uganda, yamekwama kwenye kilomita za mwisho kabisa, kati ya gari lenu na mlango wangu. Na hizo kilomita za mwisho hazina mfadhili, hazina mkutano, hazimpandishi mtu cheo. Ndiyo maana nawaomba mzichukue kuwa sehemu ya kazi yenu ya kimataifa, uzito wake uwe sawa na wa makala na hotuba.

Mnajua inawezekana, kwa maana imefanyika mlima mmoja kutoka hapa. Ndovu wa Tsavo wanaweza kumaliza msimu wa mtu kwa usiku mmoja. Kwa wakulima wa pembezoni mwa hifadhi, usalama wa chakula ni suala la ndovu kabla ya kuwa suala la mbolea. Wachungaji walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ndovu huogopa nyuki. Watafiti walisikia, wakapima, na Dkt. Lucy King akageuza neno hilo kuwa uzio: mizinga iliyoning'inizwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ndovu akiusukuma waya, nyuki wanaamka. Kazi hiyo ilifikishwa Sagalla. Kinachonigusa zaidi ya uzio wenyewe ni kwamba hawakuondoka. Walijenga kituo hukohuko, wakaendelea kuhesabu ndovu wanaoingia na wanaogeuka, mwaka baada ya mwaka. Kwa kuwa walikaa, waliona pia udhaifu wa mbinu yao: ukame wa 2017 ulipokausha maua, nyuki wengi walihama mizinga, na iliwachukua miaka kurudi. Mtu wa mradi wa miaka miwili angeandika ushindi na kupanda ndege. Aliyekaa aliandika ukweli wote, na wakulima wa Sagalla wanajua mwaka gani wa kuutegemea uzio na mwaka gani wa kukesha na tochi.

Najua mtanijibu kuwa fedha huja kwa miaka miwili, mitatu, na mwenye fedha ndiye anayeamua lini mwisho. Ni kweli, na mwaka 2025 sote tuliona jinsi mwisho unavyoweza kuja bila hodi. Marekani ilisimamisha misaada mwezi Januari, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi ya utafiti wa mbegu na wadudu ilikatika katikati ya msimu. Hata FEWS NET, mtandao wa kutahadharisha njaa ulioanzishwa katika miaka ya 1980 baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimwa kwa miezi. Tuliwahi kuonywa mapema zaidi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la utafiti lililokuwa Muguga lilivunjika nayo, lile lililofanya iwe jambo la kawaida mtama wa Serena uliozalishwa Serere, Uganda, kupandwa kwenye ukame wa Kenya. Mkenya, Mganda na Mtanzania walirudi kila mmoja kwenye daftari lake.

Kwa hiyo nawaomba mseme kwa sauti kwenye vikao vyetu wenyewe. Mwaka 2003, kule Maputo, serikali za Afrika ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kenya ilikuwemo, na haijatimiza. Mwanasayansi akiketi mbele ya kamati ya bunge au mbele ya bunge la kaunti yetu, asiombe kama mtu anayeomba nauli. Awaambie waheshimiwa gharama ya kumlipa afisa wa kilimo wa nyanjani kwa mwaka, na gharama ya kununua mahindi ya msaada kwa wadi nzima mvua ikikosa. Takwimu hizo mnazo nyinyi. Sisi tuna kura, lakini takwimu hatuna. Na mkiwa hapo mtaje maji. Bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na limepita kwenye ardhi ya watu wanaoomba mvua. Hakuna mbegu mtakayozalisha itakayoziba aibu hiyo.

Kuna pia hili la utabiri. Kabla ya kila msimu, wataalamu wa nchi 11 hukutana kupitia ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kutabiri mvua ya pembe hii ya Afrika. Ni kazi nzuri, na ni ushirikiano wa kweli, kwa sababu wingu halina mpaka. Utabiri ukifika kwetu unakuwa sentensi moja ya redio: mvua itakuwa ya kawaida au chini ya kawaida. Mimi nahitaji kujua zaidi ya hapo. Mvua itaanza wiki gani, na ikianza, itakatika kwa siku ngapi kabla ya kurudi? Hata kama jibu lenu ni la kukisia, nipeni kadirio hilo na nafasi yake ya kukosea. Nimezoea kucheza na bahati kila mwaka, nitaelewa. Mnatuficha mashaka yenu kana kwamba tutavunjika moyo, na matokeo yake tunapanda kwa kumfuata ndege na mti wa mkwaju.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapa karibu. Helsinki wana kituo cha utafiti Wundanyi tangu 2011. Sina budi kuuliza kwa nini majaribio ya mazao ya bondeni hayana shamba lake la kudumu huku kwenye joto, ambako mwanafunzi wa chuo hicho anaweza kuja kwa boda boda na kuandika kila siku kilichotokea, mfadhili awepo asiwepo. Mahindi yaliyofaulu Kiboko yako kwenye udongo wa Kiboko. Yaleteni yafanye mtihani kwenye udongo huu mwekundu, na ndovu, na upepo wa mwezi wa Agosti.

Na mbegu ikifaulu, ikabidhiwe. Nipeni jina lake, si namba. Vikundi vya kina mama hapa vinajua kutunza mbegu kuliko ghala lolote; wafundisheni masharti ya kuzalisha mbegu safi na muwasaidie kupata kibali, ili ile nyekundu iuzwe Voi na watu wa Voi. Matokeo yarudi kabla ya msimu wa pili kupandwa, kwa Kiswahili, na kwa Kidawida na Kisagalla pale wazee walipo, kwenye baraza la chifu, nanyi mkiwa mmesimama mbele yetu tuwaulize. Mkituambia kwamba jaribio lilishindwa, tutawashukuru vilevile. Kushindwa kwenu kunatuokolea mbegu. Kwenye karatasi zenu za maombi ya fedha, andikeni safari hiyo ya kurudi kama gharama, kama mnavyoandika maabara. Mfadhili atakayeikata, mwambieni amekata utafiti wenyewe.

Upande wa mto nimetenga nusu ekari. Sitaipanda hadi wiki ya pili ya Novemba. Kama kuna miongoni mwenu mwenye mbegu ya kujaribu, na yuko tayari kurudi hapa na jibu, nusu ekari hiyo ni yake, na jembe ni langu.

Wenu,
Mkulima wa Kaloleni, Voi